Picha za Delta na Amana Iliyomo Ndani Yake

Kazi ya katibu wa kamati ya msikiti haina mengi ya kusimulia. Ni kuandika mihtasari ya vikao, kutunza stakabadhi za michango, kujua nani amelipia umeme wa mwezi uliopita na nani aliahidi mifuko ya saruji kisha akasahau. Lakini katika kabati la ofisi yetu hapa Kibiti, chini ya madaftari, lipo sanduku la bati ambalo si mali ya msikiti. Ndani yake mna negativu mia nne na ushei zilizotiwa kwenye bahasha za kaki, na kamera moja kuukuu, Yashica ya macho mawili, ile ambayo mpigaji huichungulia kwa juu kama mtu anayetazama ndani ya kisima. Ndugu zetu wa kamati wanalijua sanduku hilo na wengi wao wanalinyamazia. Mmoja wao, mzee tunayemheshimu sana, kila akija kuchukua ufunguo wa stoo hulitupia jicho kisha husema, "Katibu, malaika watapita wapi hapa?"

Swali lake ni la haki, nasi tutalifikia. Kwanza tueleze sanduku lilianzia wapi.

Lilianzia Nyamisati, pale nchi kavu inapokomea na boti za kwenda Mafia zinapong'oa nanga. Baba mdogo alikuwa na kibanda cha udongo karibu na bandari, akipiga picha za pasipoti, za harusi, na za vijana walioazimana miwani ya jua. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Dar es Salaam picha za rangi zilikwisha kushika soko, lakini mkanda wa rangi ulipaswa kupelekwa mjini na kusubiriwa, ilhali ule wa nyeusi na nyeupe baba mdogo aliusafisha mwenyewe usiku uleule. Umeme hakuwa nao. Aliifunika taa ya chemli kwa kitambaa chekundu, kwa sababu karatasi ya picha haidhuriki na mwanga mwekundu, akalaza negativu juu ya karatasi, akazibana kwa kipande cha kioo cha dirisha, kisha akamulika kwa tochi huku tukimhesabia sekunde. Negativu ya kamera ile ina takriban sentimita sita kila upande, hivyo picha ilitoka na ukubwa wa kutazamika bila mashine ya kukuzia. Mkanda mmoja ulitoa picha 12 na si zaidi. Kwa hiyo kila mteja alisimamishwa, akarekebishwa kola, akaambiwa ashushe pumzi, ndipo baba mdogo akabonyeza. Sisi tulikuwa na umri wa miaka saba au minane, na kazi ya kuhesabu sekunde ilikuwa heshima kubwa kuliko zote tulizopata kupewa.

Maji ya Nyamisati ni ya bahari inayoingia na kutoka. Baba mdogo aliyachota yalipojaa, akayaacha yatulie pipani usiku kucha, akayachuja kwa kitambaa cha marekani, na hayo ndiyo yaliyokuwa maji ya kwanza ya kuoshea picha. Maji matamu ya kisimani, yaliyonunuliwa kwa madumu, yalitumika mwishoni tu. Tulidhani ni ubahili. Miaka mingi baadaye tukasoma kwamba maji ya chumvi huondoa dawa ya kukazia katika karatasi upesi kuliko maji matamu, mradi picha isuuzwe mwishowe ili chumvi yenyewe isibaki. Yeye hakuwa amelisoma jambo hilo popote. Aliona tu kwamba picha alizoosha hivyo hazikugeuka manjano.

Kibandani mle ndimo tulimoona ajabu ambayo haijatutoka. Mlango ulikuwa na tundu la msumari uliong'oka, umeelekea majini. Mchana mmoja wa jua kali, mlango umefungwa, tuliona majahazi yakipita ukutani miguu juu: milingoti imeelekea sakafuni, wapagazi wakitembea darini na magunia vichwani, na nyuma yao mikoko imening'inia kama popo. Baba mdogo alisema, "Hiyo ndiyo kamera. Hii niliyonunua ni sanduku la kubebea tu." Tulipokuwa chuoni Unguja ndipo tulipokutana na jina la al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karne ya kumi aliyefia Kairo mnamo 1040, ambaye katika Kitab al-Manazir alithibitisha kwamba mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni, wala si jicho linalotupa miale nje, na ambaye alifanya majaribio yake katika chumba cha giza chenye tundu. Yaani kabla ya Ulaya kuwa na neno la kamera, Mwislamu wa Basra alikwisha kukaa katika kibanda kama kile cha Nyamisati. Siku za mapumziko tulikwenda Shangani kutazama picha za Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, tukasimama mbele ya zile sura za Unguja ya zamani mpaka mwenye duka akatuuliza kama tunanunua.

Wengi hutuuliza kwa nini nyeusi na nyeupe, wakati simu ya mkononi inapiga rangi zote na haihitaji dawa. Jibu la kwanza ni la mazoea. La pili ni la madini. Picha ya nyeusi na nyeupe imeumbwa kwa fedha. Chumvi za fedha hutandazwa ndani ya utando mwembamba wa jelatini. Mwanga unapoziangukia huingia badiliko lisiloonekana, na dawa ya kusafishia huligeuza badiliko hilo kuwa chembe nyeusi za fedha halisi. Dawa ya kukazia huja kuondoa chumvi zilizobaki ili mwanga usiendelee kuzila. (Jelatini hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama, na chuoni tulikuwa na mwenzetu aliyetaka kujua ni wanyama gani na walichinjwa vipi. Mjadala ule ulitukesha, wala hatukuafikiana.) Picha ya rangi nayo huanza na fedha, lakini mwishoni fedha huondolewa na kubaki rangi, na rangi hupauka. Fungua kabati lolote la familia katika wilaya yetu: picha za harusi za mwaka 1992 zimekuwa nyekundunyekundu kama udongo wa Bungu, ilhali babu aliyepigwa picha wakati wa Uhuru bado anakutazama, kope zake zinahesabika.

Sasa swali la mzee wetu. Hadithi zinazokemea wafanyao sura zimo katika vitabu sahihi vya Bukhari na Muslim, na mwanafunzi yeyote wa madrasa anazijua. Mtu asidhani kwamba wanazuoni walilipita jambo hili kwa haraka. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala nzima akaona kwamba kinachokatazwa ni mtu kuunda sura kwa mkono wake akishindana na uumbaji wa Allah, na kwamba picha ya kamera haiundi chochote, bali huzuia kivuli kilichokwisha kuwapo. Wengine hawakukubaliana naye. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia alishikilia kuwa picha za viumbe wenye roho hazifai isipokuwa kwa dharura kama vitambulisho. Sisi tulipolisoma neno lile la kuzuia kivuli, akili ilitupeleka moja kwa moja kwenye Suratul Furqan, aya ya 45, ambamo Mola anatutaka tutazame jinsi alivyokitandaza kivuli, na kwamba angetaka angekifanya kitulie mahali pamoja. Hatusemi kuwa aya ile inazungumzia picha. Huko kungekuwa kuicheza Qur'ani. Tunasema tu kwamba tangu siku hiyo hatujasafisha mkanda bila kuikumbuka.

Kwa utendaji, tumefuata ushauri wa imamu wetu, naye aliutoa katika kisa cha Bi Aisha na lile pazia lenye sura, ambalo Mtume (s.a.w.) alilichukia likiwa limetundikwa, kisha akalikata likawa mito ya kuegemea. Basi picha zetu hazitundikwi. Zinakaa ndani ya bahasha, hutolewa kwa haja, hurudishwa. Anayetaka kumtaja Mwislamu mpiga picha wa kwanza wa miji mitukufu amtaje Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri aliyepiga picha Madina mwaka 1861 na Makka mwaka 1880. Watu walikuwa wakishindana kwa hoja tangu wakati wake, na hapa Kibiti tutaendelea.

Bibi yetu mzaa mama hakuwa na hoja, alikuwa na neno moja tu: hapana. Alikataa picha maisha yake yote, hata ya kadi ya kliniki alitaka kujua kama haiwezekani kuandikwa maneno. Tulipokuwa na kamera yetu wenyewe, baada ya baba mdogo kufariki na kutuachia Yashica, tulimkuta alasiri moja barazani akisuka ukili, jua likimwangukia ubavuni, mwanga ambao mpiga picha huutafuta mwaka mzima. Tulimwomba. Alisema bila kuinua macho, "Nikifa niombeeni dua. Sura yangu ataniuliza aliyeniumba." Tukakaa karibu yake tukamshikia miyaa. Leo watoto wetu wanauliza alikuwaje, na hatuna cha kuwaonyesha. Wala hatujutii. Mtu ndiye mwenye sura yake, na aliyeshika kamera hana haki juu yake kwa sababu tu mwanga ni mzuri.

Jambo hilo lilitubadilisha namna ya kutazama hata picha za wengine, hasa za delta yetu wenyewe. Hakuna kitu cha Rufiji kilichopigwa picha sana zamani kama manowari ya Kijerumani Königsberg. Iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikakimbilia kwenye mito yetu ya mikoko, ikajificha humo miezi mingi, mpaka wenyewe walipoizamisha tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa mizinga. Waingereza waliipiga picha kutoka angani kwa ndege zilizorukia visiwa vya Mafia. Wajerumani waliipiga picha kabla na baada. Mpiga picha wao Walther Dobbertin aliacha mamia ya picha za vita vile, na leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Mizinga yake ilifunguliwa ikavutwa nchi kavu kwa kamba na mabega ya watu. Mabega ya nani? Katika picha hizo maofisa wana majina na vyeo. Waliovuta kamba wameandikwa "askari" au "wapagazi". Pengine mmoja wao ni babu wa mtu anayeswali nasi safu ya pili. Meli yenyewe haionekani tena. Mabaki yake yalikatwakatwa kwa ajili ya chuma chakavu na mengine yakamezwa na tope. Chuma kimekwenda, karatasi imebaki, na majina hayakuandikwa.

Kwa hiyo desturi yetu ikawa hii: kila picha tunayopiga huandikwa nyuma kwa penseli jina la mtu, la baba yake, kijiji na mwaka, na mwenyewe hupewa nakala kabla hatujabaki na yetu. Kwa namna hiyo tumezunguka delta kwa mtumbwi, Salale na Mbuchi na kwingine, tukipiga wakata boriti, wavuvi wa kamba, akina mama juu ya madungu wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mikanda hatuinunui hapa, haipatikani. Ndugu yetu aliyeko Maskati huituma miwili mitatu kila apatapo mtu wa kumpa. Mwaka 2017, katika ile miezi ambayo kila aliyeishi Kibiti anaijua, kamera ilikaa sandukuni. Mtu mwenye kuzungukazunguka vijijini na chombo cha kuchungulia hakuwa mtu wa kueleweka.

Kisha yakaja mafuriko ya Aprili 2024. Wasomaji walisikia habari za mashamba na nyumba zilizokwenda na maji Rufiji na Kibiti, na misikiti mingi ilikusanya unga, mahindi na nguo. Kamati yetu nayo ilifanya hivyo, na katibu aliandika orodha. Siku ya nne ya kugawa, mama mmoja aliyekwisha kupokea unga wake alirudi na furushi la kanga akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na albamu iliyolowa, nzito kama tofali. Alisema, "Katibu, nimeambiwa wewe unazijua hizi. Unga nitapata mwingine."

Baada ya wiki moja tulikuwa na mafurushi kumi na moja.

Tuandike hapa tulichokifanya, kwa sababu mto huu utafurika tena, nao wasomaji wa bondeni watahitaji kujua. Picha zilizolowa zikagandana zisibanduliwe zikiwa zinaanza kukauka, na zisianikwe juani. Ziachwe zikiwa majimaji, zitiwe kwenye beseni la maji safi ya baridi, zisubiriwe zilegee zenyewe, kisha zitenganishwe ndani ya maji yaleyale. Uso wa picha usiguswe kwa kidole, kwani jelatini iliyolowa ni laini kama utando wa maziwa. Maji yabadilishwe mpaka tope liishe. Baadaye zilazwe kivulini juu ya kitambaa safi, uso juu. Negativu zitundikwe kwa vibanio vya nguo. Yafanyike ndani ya siku mbili hivi, maana baada ya hapo kuvu huanza. Picha za nyeusi na nyeupe ndizo zilizostahimili kuliko zote. Za rangi ziliacha madoa mekundu na manjano, na zile za printa za siku hizi wino wake ulikwisha kwenda na mto kabla hazijatufikia.

Lakini maji hayakuwa ndiyo taabu kubwa. Katika mafurushi yale mlikuwa na mabibi harusi, akina mama waliopigwa na waume zao ndani ya nyumba zao, vichwa wazi, mabinti wa miaka ya 1970 ambao leo ni mabibi wenye buibui. Si picha za kutazamwa na sisi. Mwenye mali yuko kambini, picha inaoza, na anayejua kuiokoa ni mwanamume wa kando. Tulilipeleka swali kwa imamu, naye akauliza swali moja tu: "Mama watoto wako anaweza kujifunza?" Aliweza. Alijifunza kwa jioni mbili, na akatushinda kwa wepesi wa mkono. Kuanzia hapo kila furushi lilifunguliwa kwanza na yeye pamoja na binti wa jirani, chumbani, na kilichotufikia ukumbini ni kile walichotupitishia. Zaidi ya nusu hatukuiona na hatutaiona. Tuseme kweli: kwa mtu aliyependa picha tangu utotoni, kukaa upande wa pili wa pazia akisikia maji yakimwagwa na wanawake wakisema "tazama huyu!" ni mtihani.

Mzee mmoja kutoka vijiji vya bondeni alileta fremu moja tu, kioo hakijavunjika, na nyuma yake picha ya marehemu mkewe ilikuwa imegandia kioo kizima. Hakuwa na nyingine. Kama picha ya namna hiyo imekwisha kukauka haibanduliki. Iliyobaki ni kuipiga picha nyingine ikiwa hivyohivyo nyuma ya kioo. Yake ilikuwa bado mbichi. Alituruhusu kuishughulikia mbele yake. Tuliilaza beseni zima pamoja na kioo chake tangu baada ya adhuhuri, tukibadilisha maji, naye amekaa kwenye mkeka akivuta tasbihi. Magharibi ikaingia, tukaenda kuswali, tukarudi. Baada ya isha pembe moja ililegea. Uso ulitoka mzima. Mkono wa kushoto na nusu ya kanga vilibaki kwenye kioo, navyo haviwezi kurudi.

Aliitazama muda mrefu, kisha akauliza kama inafaa, mke akiwa amefariki, kumtazama. Tulimwambia, "Mzee wetu, sisi ni katibu, hatutoi fatwa," tukamwongoza kwa imamu. Imamu alimjibu kwamba wanazuoni wengi wameruhusu mume kumwosha mkewe maiti, na kwamba Sayyidna Ali alimwosha Bi Fatima, basi karatasi ni jambo dogo; ila asiitundike. Yule mzee wa kamati, mwenye swali la malaika, alikuwapo. Hakusema neno. Alitoa leso yake safi mfukoni, akampa mwenziwe afungie picha.

Tulipomuuliza jina la kuandika nyuma, alilitaja la mkewe, la baba mkwe, na la kijiji cha zamani, kile walichohamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya mafuriko ya wakati huo. Akatuomba tuongeze kuwa alikuwa fundi wa kusuka mikeka ya kuswalia.

Hadi tunapoandika haya, mafurushi manane yamerudi kwa wenyewe. Matatu yamo kabatini, yamekauka, yamefungwa, hayajulikani ni ya nani. Yalifika na boti, waliyoyaleta walisema tu kuwa yaliokotwa kwenye mikoko upande wa Salale. Mama watoto anasema moja lina picha za harusi iliyofanyika kwenye nyumba yenye mlango wa nakshi, na jingine lina mtoto aliyepigwa kila mwaka amesimama kando ya mnazi uleule. Mwenye kuzitambua afike ofisini kwetu baada ya swala ya alasiri. Wanawake watapokelewa nyumbani na mama watoto. Kama yuko mzee anayeyajua majina ya waliomo, tafadhali aje naye, maana penseli tunayo.